Kamashini Kenye Kalipakwa Mafuta

Sifa zimurudilie Bwana, ndugu zangu, hata mu siku ya mawingu meusi kama hii ya leo.

Mi njo Asukulu, muzee wa kule Karonga. Si Karonga ya mupaka, hapana, ni ile sehemu ya hapa ku kambi ya wakimbizi ya Dzaleka yenye balipatia jina ya Karonga, nyuma ya bomba ya maji yenye ilikufa. Wengi munanijua, lakini munanijua kama ule muzee mwenye anakimbiaka mvua. Pasta Elia aliniomba nisimame niseme ushuhuda wangu. Nikamwambia, Pasta, nikisimama mbele ya bantu maneno inanitoroka, naanza kusema mambo ya mihogo na ya kaka yangu wa Baraka, acha niandike, mutu mwenye miwani mizuri atasoma. Basi nimeandika na mukono wangu mwenyewe. Masomo yangu iliishia darasa ya tatu, kule Fizi, sababu mwalimu alihama na hakuna mwingine alikuja. Mukikuta makosa, muruke tu, muendelee mbele.

Nianzie wapi? Nianzie ku manjanja.

Benye hawajakimbia vita banafikiri mutu wa vita anaogopa bunduki. Mi siogopi bunduki. Nimepita mbele ya polisi na bunduki yake pale ku mulango ya kambi, nikamusalimia, akanijibu, nikaenda zangu. Kitu yenye ilinifunga miaka yote hii, ndugu zangu, ni mvua. Mvua ikigonga manjanja ya nyumba, yale mabati ya juu yenye benye inchi banaita malata, basi, mi si mutu tena.

Sababu iko. Siku tulikimbia ilikuwa siku ya soko, muchana, na mvua ilikuwa inanyesha. Mi na bibi yangu tulikuwa mu nyumba. Binti yetu Faida alienda kwa jirani kusukwa nywele. Tukasikia manjanja inalia. Bibi akasema mvua imeongezeka, na kweli ilikuwa mvua. Lakini ndani ya ile mvua mulikuwa kitu ingine, na masikio haikuweza kutenganisha ya maji na ya risasi, yote ilikuwa inaanguka toka juu, yote inagonga pamoja. Wakati tulielewa, kwa jirani kulikuwa moshi tu. Faida hatukumuona tena. Hatukumuona muzima, hatukumuona maiti. Tuliuliza Uvira, tuliuliza ku kila kambi kwenye tulipita, mpaka hapa. Bantu banatuitaka Baba Faida na Mama Faida, na Faida mwenyewe hayuko. Hiyo njo jina yetu, hatuna ingine.

Nimeisema, sitairudilia.

Tukafika Dzaleka. Zamani hapa palikuwa gereza, munajua, na Ndayi jirani yangu anasemaka walitoa wafungwa bakasahau kutoa gereza. Nilijenga nyumba yangu na matofali ya udongo, nilipiga mwenyewe, moja moja, kanyaga udongo, jaza kibao, geuza, acha ikauke. Mushike hiyo neno ya matofali, nitaikuta mbele. Juu tukaweka manjanja, na Mama Faida akafurahi, akasema sasa tuko bantu ba nyumba.

Mvua ya kwanza ku ile manjanja nilimukamata mukono nikamukokota inje. Tukakaa chini ya mbingu mpaka mvua ikaisha, tumeloana kama mboga, na nyumba nzuri iko wazi nyuma yetu. Majirani bakatoka kuangalia. Mi sikuwa najua kama ninafanya. Mikono njo ilikuwa inafanya. Mu kichwa nilikuwa na neno moja tu: huyu wa pili hatapotea.

Na mvua ya pili vile vile. Na zote zenye zilifuata. Fundi alikuwa ametuwekea komeo ya chuma ku mulango, mi nikaing'oa na nyundo, sababu siku ya kukimbia komeo inachelewesha. Mulango wetu ukabaki wa kusukuma tu. Mwizi angeweza kuingia, lakini mwizi ataiba nini kwa mutu anaishi hivi.

Mama Faida alivumilia. Hakuna mwanamuke mwingine angevumilia ile, na hapa sisemi kwa kumusifu, nasema tu vile ilikuwa. Mawingu ikianza kukusanyika anavaa viatu mapema, anangoja nimukokote. Mpaka ile siku ya mvua ya mawe. Nilimuvuta kwa nguvu kuliko siku zote, akateleza ku mufereji, akaangukia mukono wa kushoto, ukavunjika hapa karibu na kiganja. Ku hopitali bakafunga plasta. Siku waliitoa, mukono ulikuwa umepinda, na bidole bibili bikakataa kufunga.

Ndugu zangu, ule mama ni mushonaji. Bantu banafikiri kushona ni mukono wa kuume. Mukono wa kushoto njo unaongoza kitambaa. Mashini yake ya kushona ikabaki pale ukutani, amefunika na kitenge kama vile bafunika mufu.

Siku moja akaanza kupanga nguo mu mufuko. Kazi ya polepole, na mukono mumoja. Hakulia, hakunitukana. Mi nilikuwa ku kiti namuangalia, hata kusimama sikusimama. Pale ku mulango akageuka.

"Baba Faida," akasema, "mi sikukimbii we. Niko nakimbia mvua yako. Siku mvua itakukuta ndani ya nyumba, na ukae, nitarudi."

Akaenda kwa mudogo wake, kule Lisungwi, sehemu ingine ya hii kambi. Si mbali. Unaweza kuacha maharagi ku moto, uende, umusalimie mutu, urudi, maji haijakauka. Lakini mi sikuenda. Ningeenda kumwambia nini? Mbingu ya kule ni hii hii.

Nikabaki na nyumba. Bugali ya mutu mumoja ni kitu mubaya, ndugu zangu, inakuwa tonge moja kubwa katikati ya sahani, unaizunguka kama mutu anatafuta mulango. Nikaacha kupika. Ndayi, ule jirani niliwatajia, ni Murundi, fundi wa baiskeli za kabaza, zile za kubeba bantu kwa malipo, anapendaka kucheka bantu tangu nimujue. Alikuwa analeta sahani ya maharagi anaiweka pale kizingitini, anasema, "Kula, muzee. Ukikufa, nani tutamuangalia mu mvua?" Hiyo njo huruma yake. Usitafute ingine, hana.

Baombezi ba kanisa balifunga pamoja nami. Balinizunguka, bakakemea pepo ya woga, na mi nikaanguka chini, mulishuhudia wenyewe mukaimba. Sitaki kudanganya mbele ya Mungu: nilianguka sababu ya njaa ya kufunga. Jioni yake mvua ikaja, nikakimbia vile vile.

Njo Mama Sifa, mushemasi wetu, akaniita. Munajua ile mashini yake ya kusoma Biblia, ukubwa wa kiganja, rangi ya bluu, na butoni, na kidirisha kadogo, na tundu ya waya ya masikio. Unabonyeza, mutu anakusomea Neno mu Kiswahili kizuri hata kama hujui kusoma. Akaniambia, "Muzee, nyumba yako iko kimya sana, na woga unapenda kimya. Tafuta mashini kama hii. Neno likisema siku yote, mvua itakosa pa kukaa."

Hiyo neno iliniingia. Nikauza nguruwe yangu. Alikuwa nguruwe mupole, alikuwa ananijua kwa sauti, na siku ya kumupeleka alinifuata mwenyewe bila kamba, lakini tuache hiyo. Nikaomba ruhusa ya kutoka kambini, nikapanda kabaza mpaka barabara, nikaenda Lilongwe.

Kule niliingia mu ile soko karibu na muto, kwenye kuko bidaraja bya mbao, unapita na mbao inalia chini ya miguu yako na maji unayaona kati ya mbao. Nilizunguka mpaka kichwa ikauma. Biatu, suruali, bitasa, radio, bitu byote bya dunia. Halafu ku meza moja nikaiona. Ukubwa ile ile, bluu ile ile, butoni, kidirisha, tundu ya waya, yote imechorwa juu ya kartoni, na kartoni imefungwa na plastiki haijaguswa. Maandishi ilikuwa ya Kiingereza, na hata ingekuwa Kibembe nisingesoma, miwani nilisahau nyumbani. Nikauliza muuzaji, kwa Kichewa yangu ya kuombea maji, kama inatoa sauti. Akasema inatoa, na kuimba inaimba. Nikauliza kama ni mupya. Akanigusisha plastiki. Nikamulipa. Akasema zikomo, bambo, njo asante baba ya kwao, mi nikasema Mungu akubariki, tukaachana vizuri.

Nataka hapa niseme kitu. Kuko bantu ba hapa kambini balisema Mumalawi alidanganya muzee wa watu. Hapana. Kila kitu nilimuuliza alinijibu kweli. Mi njo sikumuuliza inasoma nini.

Sasa, mutu mwenye si wa kanisa letu atauliza, muzee, mbona hukuifungua pale pale ukajaribu? Kwetu kitu kipya hakifunguliwi kabla hakijapita madhabahuni. Baiskeli, sufuria, kitanda ya maharusi, hata ile tairi ya Ndayi tuliyoiimbia nyimbo mbili, inaletwa kanisani jinsi ilivyofungwa dukani. Pasta anaifungua, anapaka mafuta, bantu banasema amina, njo mwenyewe anaitumia mara ya kwanza mbele ya bote. Tulikuja na hiyo desturi toka kwetu, na mi naipenda, sababu inakukumbusha kwamba hukujipatia mwenyewe. Basi nilibeba kartoni yangu toka Lilongwe kama vile unabeba yai, sikuitikisa hata kidogo.

Siku ya Bwana nikasimama mbele. Nikasema, kanisa, leo Neno linaingia mu nyumba yangu. Mama Faida alikuwa kule upande wa bamama, pamoja na mudogo wake. Niliona ananyoosha shingo. Pasta Elia akakata plastiki, akatoa mashini, akaipaka mafuta mbele na nyuma na ku kila butoni, akaomba maombi marefu, akasema Bwana, sauti hii iwe ngao ya muzee huyu. Bote bameinamisha vichwa. Akasema, "Sasa, muzee, tusikie Neno la kwanza."

Nikabonyeza.

Ndugu zangu. Ikatoka muziki ya kurukaruka, kama kengele za baiskeli mbili zinagombana. Nikabonyeza pengine, ikalia kama bata. Nikabonyeza tena, sauti ikaongezeka, na mu kidirisha kuko kakitu ka muchezo wa batoto kanakimbia na kuanguka, kanakimbia na kuanguka. Mukono wa Pasta ulikuwa ungali juu. Toka nyuma Ndayi akauliza, polepole, lakini vile kanisa ilinyamaza kila mutu alisikia, "Muzee, hiyo ni Waraka kwa Wagalatia, ao kwa Wakorinto?"

Mulicheka, ndugu zangu. Siwalaumu. Hata Pasta aligeuka akaangalia ukuta. Mi niliangalia upande wa bamama. Mama Faida hakucheka. Alikuwa ananiangalia vile mutu anaangalia nyumba inaungua mbali, kwenye hawezi kufika.

Wazee ba kanisa bakakaa kikao. Mumoja akasema ichomwe pale nyuma, kwenye tunachomaka hirizi. Mwingine akasema nikairudishe Lilongwe. Pasta akafikiri sana, mafuta ingali inang'aa ku bidole byake. Akasema, "Mafuta ya Bwana hayaingii mu moto ya hirizi. Na kitu tumekitoa kwa Mungu hatukirudishi sokoni. Muzee Asukulu, enda nayo. Sijui Mungu anataka nini na hii mashini. Lakini ni yake sasa."

Hakuna mutu alithubutu kuigusa tena, na mi pia. Nikaifunga mu kitambaa, nikaiingiza mu droo ya mashini ya kushona.

Wakati wenye ulifuata sipendi kuukumbuka. Aibu iliongezeka juu ya woga. Nikipita ku bomba bantu banauliza kama nimefika Ufunuo. Mama Sifa alisikia vibaya, akaniazima mashini yake mwenyewe. Nikasikiliza. Neno ni zuri, halina kosa. Lakini mvua ilipokuja ilikuwa na sauti kubwa kuliko ule mutu anasoma, akazama ndani kama wengine. Kosa ilikuwa mu masikio yangu. Mulango wenye Neno lingepitia njo ule ulikuwa umeziba. Nikamurudishia Mama Sifa mashini yake, nikamushukuru, nikarudi nyumbani nikamwambia Mungu anichukue. Nilimwambia bila hasira, kama mutu anaomba chumvi.

Hakunichukua.

Siku moja muchana mawingu ikatoka upande wa vilima vya Dowa. Mikono ikaanza. Munisikilize hapa: miguu inataka kukimbia, lakini mikono inataka kitu ya kukamata, na mukono wa Mama Faida haukuwa. Nikafungua ile droo kutafuta kitambaa chake nifunge masikio. Kitambaa nikakipata, na ndani yake mashini. Nikaikamata. Ilienea mu mikono yote mibili, kama vile iliumbwa ienee. Nikabonyeza.

Mulikuwa michezo mingi. Wa kwanza, ule mutu wa kukimbia. Anakimbia, anaanguka mu shimo, anakufa, anaanza tena. Nikasema hapana, hii si yangu, kukimbia nilishakimbia. Nikabonyeza ingine.

Matofali.

Toka juu ya kidirisha tofali linaanguka. Si jiwe la mvua, ni tofali la kujenga, lakini matofali yenyewe yamepinda-pinda, lingine refu, lingine kama kiti, lingine kama kiwiko. Linaanguka polepole. Upande wa kushoto kuko butoni za kulisogeza, upande wa kuume kuko butoni ya kuligeuza. Unalitafutia pahali pake chini. Musitari ukijaa wote bila tundu, unatoweka, unapata nafasi tena. Basi. Hakuna kitu ingine. Ndugu zangu, tangu siku ya Faida sijaona kitu inaanguka toka juu na kuniuliza, muzee, uniweke wapi?

Mvua ikaanza. Miguu ikasimama, ikanipeleka mulangoni. Lakini tofali lilikuwa linaanguka, nikasema acha niweke hili kwanza. Nikaweka. Na hili. Na hili lenye kama kiwiko, liko na pahali pale pembeni. Nilipoinua macho mvua ilikuwa imeisha. Nilikuwa nimesimama juu ya kizingiti. Bega moja lilikuwa limeloana, lingine lilikuwa kavu.

Nikaligusa lile bega kavu. Nikalia sana.

Msifikiri iliisha pale. Mvua ingine ikanikuta naendelea vizuri, mara kidirisha kikawa cheusi, moto umeisha ndani. Nikakimbia. Ndayi alinikuta mu mufereji na matope mpaka kiunoni, mashini nimeificha ndani ya shati isiloane. Akaniangalia sana. Akasema, "Umeokoa matofali, muzee. Nani atakuokoa we?" Halafu akanivuta. Toka hapo, kila asubuhi alikuwa anaichukua, anaiunga ku ile sola yake ya kuchaji telefone za bantu, anairudisha imejaa. Hajawahi kunidai kitu. Alikuwa anaicheza kwanza kule karakana, nilikuwa najua, sababu inarudi na mafuta ya mnyororo. Akashindwa kila siku, akasema mashini inapendelea Bakongomani.

Na nitasema kweli yote, kama ushuhuda ni kweli: niliifurahia. Si mu mvua tu. Hata jua likiwaka nilikuwa natoa kiti ku kivuli ya nyumba, navaa miwani, najenga. Siku moja nilipanga misitari mingi ikatoweka mara moja, nikasikia mutu anacheka mu nyumba, nikageuka kuangalia nani ameingia. Kumbe ni mi. Nilikuwa nimesahau sauti ya kucheka kwangu. Wazee bengine balisema ni aibu, muzee mwenye mvi na kichezeo. Balisema kweli, ni kichezeo. Lakini kilikuwa kimepakwa mafuta mbele yao.

Mvua moja nikakaa kizingitini. Ingine nikakaa ku kiti, karibu na mulango. Ingine nikakimbia tena, sijui sababu, na mashini ilikuwa imejaa moto. Habari sikutuma Lisungwi. Nilimuahidi Mama Faida mara nyingi kabla ya pale, na ahadi zangu zote zililoana.

Halafu ikakuja mvua ya mawe tena.

Ilikuwa muchana, lakini nyumba ikaingia giza. Nikahamisha kiti nikakiweka mbali na mulango, kabisa ukutani, karibu na mashini ya kushona. Mawe ikaanza kugonga manjanja. Ndugu zangu, nataka muelewe hapa, sikuacha kusikia. Nilisikia yote. Nilisikia soko, nilisikia bibi anasema mvua imeongezeka, nilisikia mutu anaita jina ya mutoto na ule mutu ni mi. Jasho inatiririka ku miwani. Na tofali linaanguka. Nikaliweka. Na lingine.

Katikati ya ile kelele mulango ukagongwa.

Miaka yote, hiyo njo kitu niliogopa kuliko mvua, mutu kugonga ndani ya mvua. Lakini tofali refu lilikuwa linashuka, na nilikuwa nalingojea lile, kila mutu mwenye anacheza anajua vile unalingojea. Nikasema bila kuinua macho, "Sukuma. Haufungwi."

Ulisukumwa. Alikuwa Mama Faida. Ameloana mpaka mifupa, matope mpaka magotini, kitenge kimeshikamana na kichwa. Alinijulisha baadaye, na Ndayi alimusaidia kusema: kila mvua, tangu alihama, alikuwa anatoka Lisungwi, anakuja kusimama chini ya baraza ya Ndayi kunichungulia, nisivunjike na mi. Siku zingine alinikuta inje, akalia, akarudi. Siku zingine nilikuwa pale mulangoni, hakuelewa, akarudi vile vile. Ile siku hakuniona kabisa. Akafikiri nimekufa.

Akasimama pale maji inachuruzika.

"Baba Faida," akasema, "mvua inanyesha."

"Najua."

"Mawe inaanguka."

"Naisikia. Kaa."

Akakaa ku kiti ya mashini ya kushona, kiti yake. Akaangalia kidirisha, akaangalia uso wangu, akaangalia kidirisha. Mawe inagonga. Nilikuwa nakosea. Mwisho akasema, "Hilo unaliweka vibaya. Ligeuze. Unapoteza kitambaa."

Maana ule mama miaka yote alikuwa anafanya kazi hiyo. Unatandika kitambaa, unapanga mukono wa shati hapa, kola pale, kusiwe na tundu ya kupoteza. Akanyoosha mukono wake wa kuume akabonyeza butoni ya kugeuza. Mi nikaachia upande ule, nikabaki na wa kushoto, wa kusogeza. Hivyo tukaikamata kati yetu, yeye anageuza, mi nasogeza, na ule mukono wake wenye nilivunja ukakaa juu ya goti yangu. Haukuwa na nguvu ya kushika kitu. Ulikaa tu.

Hatukutoka inje.

Amerudi, ndugu zangu. Mumemuona leo, tumekaa benchi moja. Lakini sitawauzia ushuhuda mutamu kuliko kweli yake. Mukono wake umepinda mpaka sasa, anashona pindo za kanga tu, na mi njo nashika kitambaa, vibaya. Faida hajarudi. Kidirisha ya mashini imepata ufa pembeni. Na mvua zingine bado miguu inasimama, Mama Faida anasema "tofali," nakaa. Kuna siku anasema mara nyingi.

Namushukuru Mungu mwenye hakunichukua siku niliomba. Namushukuru Pasta kwa mafuta yake, na Mama Sifa kwa neno lake, sababu bila ile neno nisingeenda Lilongwe. Namushukuru Ndayi. Namushukuru hata nguruwe.

Na we mwenye unasikiliza, najua uko na mvua yako. Mumoja ni mbwa akibweka, mwingine ni lori ikipunguza mwendo, mwingine ni mutu kuita jina yake kwa nguvu. Hatuambianagi, lakini naonaka namna munashituka. Mutegemee Mungu. Mi nilimuomba sauti, akanipa matofali, na sikujua kushukuru mpaka niliyashika. Usimuchagulie chombo.

Ile komeo ya chuma Mama Faida aliikuta chini ya kitanda, akauliza kama tuirudishe. Nikasema hapana. Zamani niliing'oa nipate kukimbia. Sasa tuiache hivyo sababu yenu. Siku manjanja itaanza kulia na miguu itakuamuru, kimbia, lakini kimbia kwetu, Karonga, nyuma ya bomba yenye ilikufa. Usigonge. Sukuma tu. Utatukuta ndani.